Watu Wasiojua Kutaja Hasara

Makadirio ya tetemeko la ardhi yalipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata, mtaa wetu wa Karanggenuk uliandikiwa "uharibifu mdogo". Nilisoma, nikavua miwani, nikaifuta kwa ncha ya shati, nikasoma tena. Jirani zetu wa ng'ambo ya mto waliandikiwa "uharibifu mkubwa", na walistahili, sikatai. Lakini sisi nasi tulikuwa tumezika watu watatu, nyumba zetu nyingi zilikuwa zimelala chini, na tanuri la vigae, ambalo ndilo linalotulisha, lilikuwa limepasuka kutoka juu hadi kwenye msingi.

Mimi ndiye mjumbe wa Karanggenuk. Nilichaguliwa kwa sababu, kati ya mafundi vigae wa rika langu, ni mimi niliyekwenda shule ya usiku nikiwa na udongo kwenye kucha, nikatoka na cheti, na tangu hapo sijaacha kusoma chochote kinachopita mbele yangu, hata gazeti lililofungiwa tempe, yale maandazi yetu ya soya. Kwa hiyo sikuhitaji mtu wa kunifafanulia maneno yale mawili. Fedha za kujenga upya sehemu za kazi zingekwenda kwanza kwa walioandikiwa "mkubwa". Walioandikiwa "mdogo" wangengoja mwaka ujao.

Nasi mwaka ujao hatukuwa nao. Kigae hukaushwa na jua kabla ya kuchomwa. Mvua zikianza wakati tanuri bado liko chini, udongo haukauki, moto hauwashwi, na vijana wanapanda basi kwenda Jakarta, wengine wanavuka hadi Malaysia. Anayeondoka kwenye udongo kwa namna hiyo harudi. Kiangazi kilikuwa kimefika karibu nusu. Nilipanda baiskeli yangu, nikaenda moja kwa moja kwenye hema la maafisa wa tathmini.

Mkuu wao alikuwa mwanamke kijana, mchumi, Mbatak kutoka Sumatra, jina lake Rotua. Sauti yake ilikuwa kubwa, kama ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Sisi watu wa Java huishtukia sauti ya namna hiyo. Mimi niliipenda siku ile, maana ilisema ilichomaanisha.

"Mbak Rotua, mmetukosea," nilimwambia. Mbak kwetu ni dada, kama Pak alivyo baba na Bu alivyo mama.

"Keti kwanza, Pak. Wewe ni wa mtaa gani?"

"Karanggenuk."

"Ahaa! Kule kwa wenye bahati!"

"Bahati gani?"

Alifungua jalada lake. "Sikiliza majibu ya watu wako. Huyu paa lake limeanguka. Amesema nini? 'Bado tuna bahati, kuta zimebaki.' Jirani yake kuta zimeanguka. 'Bado tuna bahati, paa lilishuka polepole.' Mama huyu amevunjika mguu. 'Bahati si yote miwili.' Na huyu Pak Wagiyo, ng'ombe wake amekufa: 'Bahati nzuri alikuwa mzee, na nyama tumekula mtaa mzima.' Kijana wangu aliyekuja kwenu ni mwanafunzi wa chuo, ameandika alichoambiwa. Aliporudi aliniambia, Mbak, wale watu wana raha kuliko mimi."

Ndivyo tulivyo. Mtu wetu akianguka kutoka juu ya mnazi, atakuambia bahati hakuangukia kisimani. Kumweleza mgeni shida zako ni kumtwisha mzigo wakati hata chai hajamaliza, na kulalamika sana ni kama kumdai Mungu.

"Halafu kuna picha," aliendelea. "Kwingine kote watu walikuwa bado wanafukua sufuria kwenye kifusi. Kwenu kifusi kimepangwa pembeni, matofali yamesuguliwa, uwanja umefagiliwa."

"Tulifanya kazi ya pamoja. Tulisikia mgeni anakuja."

"Ndiyo hivyo. Mkamfagilia mgeni ushahidi wote."

"Na tanuri je?"

"Tanuri lenu liko upande wa watakaofaidika, Pak. Wilaya nzima inatafuta vigae. Kwa hesabu zangu, tetemeko limewaletea wateja."

"Wateja wa tanuri lililokufa?"

"Nani alisema limekufa? Hapa imeandikwa, 'nusu bado imesimama, tuna bahati'." Alishusha sauti kidogo, kwa jinsi alivyoweza. "Nisikilize. Natafuta vitu viwili. Cha kwanza ni uharibifu, yaani kilichovunjika. Cha pili ni hasara, yaani kile ambacho hamtakipata kwa kuwa kile cha kwanza kimevunjika. Cha kwanza naweza kukiona kwa macho, kama hamjakifagia. Cha pili lazima niambiwe na mtu. Siwezi kukibuni."

"Basi njoo uambiwe."

Alitazama kalenda iliyoning'inia kwenye mlingoti wa hema. "Alhamisi, asubuhi. Ijumaa makadirio yanakwenda mkoani na hayarudi. Lakini nikija tena nikaanza kusimuliwa bahati, nitakunywa chai, nitashukuru, nitaondoka."

Jioni ile ile niliwakusanya watu chini ya turubai tulilokuwa tukiswalia tangu msikiti ulipoanguka. Niliwaeleza uharibifu ni nini na hasara ni nini. Waliitikia kwa vichwa, kwa heshima, kama wanavyoitikia kila ninachosema, hata wasipokielewa.

"Ati tetemeko limetutajirisha?" alisema Bu Ngatilah. Yeye ndiye mkubwa wa tanuri. Marehemu mumewe ndiye aliyelijenga, na moto wa Karanggenuk hauwashwi wala hauzimwi bila neno lake. "Huyo binti amekula nini asubuhi?"

"Si kosa lake, Bu. Ni sisi tuliomwambia hivyo. Sasa tujizoeze. Mimi ndiye Mbak Rotua. Wagiyo, simama. Pak Wagiyo, umepoteza nini?"

Wagiyo alisimama, akakohoa, akaweka sawa kofia yake. "Nimepoteza ng'ombe."

"Vizuri sana! Endelea."

"Alikuwa ndiye anayevuta mkokoteni wa udongo kutoka machimboni. Ukimwambia twende, anakwenda. Ukimwambia simama, anafikiria kwanza, halafu anasimama. Hapakuwa na ng'ombe mwingine wa kupanda kile kilima na mzigo ule."

"Vizuri!"

"Lakini bahati nzuri..."

"Wagiyo!"

"Sasa nifanyeje, Pak Mujiran? Linatoka lenyewe. Nikiishia pale naona kama nimetoka nje bila saruni."

"Na ulitoka!" akasema Bu Ngatilah. "Siku ya tetemeko tulikuona sote."

"Bahati kulikuwa na vumbi," Wagiyo akamjibu, na turubai zima likacheka, hata mama mwenye mguu uliofungwa vibanzi.

Parjo, kijana wa kuni, alinyanyua mkono. "Mimi naona kazi ni nyepesi. Kuta zilizobaki tuziangushe. Nyundo ninayo."

"Hapana. Hatuzidishi hata kigae kimoja. Akigundua uongo mmoja atafuta na ukweli wote."

"Basi uongo mdogo tu, Pak. Wa jikoni."

"Parjo, keti."

Tulijaribu mtu mmoja baada ya mwingine. Wote walianza vizuri, na wote walimalizia palepale. Mmoja alisema kumwambia mgeni mambo hayo ni kuomba, na babu zake hawakuwa waombaji. Mwingine alisema waliokufa wamekufa, waliobaki wanakula, sasa tumnung'unikie nani? Nilikuwa nimeanza kupandisha sauti, jambo ambalo si kawaida yangu, ndipo Bu Ngatilah akaniuliza taratibu:

"Na wewe je, Pak Mujiran? Mgeni akikuuliza wewe, utamjibu nini?"

Nyuso zote zilinigeukia.

"Mimi?" nilisema. "Mke wangu alikuwa jikoni. Ukuta ulianguka mara moja tu. Sukarsih hakuteseka. Bahati..."

Hakuna aliyecheka. Niliwaambia mazoezi yamekwisha, waende wakalale.

Alhamisi Rotua alikuja na pikipiki, jalada likiwa kifuani, viatu vyake vyekundu kwa vumbi letu. Nilikuwa nimewakataza watu kufagia. Walifagia. Nilikuwa nimesema chai itolewe mahali pamoja tu. Kila nyumba ilikuwa na birika lake, na mihogo ya kukaanga juu ya sahani ambayo sikujua waliiokoa vipi.

Nyumba ya kwanza mwenyewe alisema amepoteza chumba cha kufinyangia. Nilimtolea macho. Akameza mate. "Lakini," alisema, akaniangalia mimi kama anayeomba radhi, "kalibu zetu za chuma za kufinyangia vigae hazikupinda, kwa hiyo bado tuna bahati." Nyumba ya pili ilikuwa hivyohivyo. Ya tatu walisema hawana hasara yoyote ya kumsumbua nayo Mbak, ila kama angependa kujisitiri na jua, paa halipo, lakini kuna kivuli cha mwembe kwa jirani.

"Pak Mujiran," Rotua aliniambia tulipotoka ya nne, "chai niliyokunywa leo inatosha kuzima tanuri."

"Tanuri lenyewe liko hapo mbele. Twende."

Lilikuwa limesimama nusu, nusu nyingine imejilaza upande wa mashariki. Mlango wa kupakilia ulikuwa umeziba. Bu Ngatilah alikuwa ameketi mbele yake juu ya kigogo, amevaa kebaya, blauzi yake ya sherehe, ametulia kama anayengoja posa.

"Bu," Rotua alimwuliza, "tanuri hili linaweza kuwashwa?"

"Ah, mwanangu, nusu bado imesimama. Bado tuna bahati."

Rotua alifunga jalada. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyetimiza ahadi yake, akaanza kutafuta funguo za pikipiki mfukoni.

Wakati mwingine kichwa changu huwa kizito, lakini hakiachi kitu kikikishika. Tangu usiku wa mazoezi kilikuwa kimemshika ng'ombe wa Wagiyo. Alipokuwa anaeleza jinsi ng'ombe yule alivyokuwa akifanya kazi, Wagiyo hakujikwaa hata kidogo. Alisema kwa fahari, angeendelea hadi asubuhi kama angeachwa aeleze kazi tu. Bahati iliingia pale tu aliporudi kwenye kumpoteza. Watu wangu hawawezi kulia mbele ya mgeni. Lakini kujisifia kazi yao? Hapo hakuna wa kuwanyamazisha.

"Bu Ngatilah," nilisema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "huyu mgeni hajawahi kuona tanuri likipakiwa."

"Hajawahi?" Bibi yule alimtazama Rotua juu hadi chini. "Mchumi mzima?"

"Kwetu tunaezeka kwa mabati, Bu," alisema Rotua.

"Maskini." Bu Ngatilah alisimama, akakunja mikono ya kebaya. "Wagiyo! Bandani! Parjo, kwenye kuni, na usiniletee mbichi! Wengine shikeni mstari! Leo tunampakilia mgeni tanuri!"

"Tanuri lipi, Bu?" mtu aliuliza.

"Hilihili! Lina shida gani?"

Nao wakaja. Waliacha mabirika yao, wakatoka kwenye mahema, mama wa mguu uliovunjika akaketishwa kwenye kiti karibu na banda, mahali pake pa kukagua vigae vyenye nyufa. Kwetu tanuri hupakiwa kwa mikono. Watu husimama mstari kutoka banda la kukaushia hadi mlangoni, kila mmoja anamrushia mwenzake vigae, viwili viwili, huku wakiimba na kutukanana. Bandani, chini ya paa lililolala upande mmoja, kulikuwa na rundo la vigae vilivyokuwa vimekauka kabla ya tetemeko. Hivyo ndivyo tulivyotumia.

Rotua alifungua jalada lake tena. "Bu, tanuri likijaa linachukua vigae vingapi?"

"Elfu kumi!" alipaza Parjo.

"Elfu kumi ni la watoto," Wagiyo akamkata. "Elfu kumi na mbili, na kona zikipangwa na mtu mwenye akili zinaingia na mia tano za ziada."

"Mnachoma mara ngapi kwa mwezi?"

"Kiangazi mara tatu," alisema Bu Ngatilah. "Karibu na mwezi wa kufunga hata mara nne, watu wanatengeneza nyumba kwa ajili ya sikukuu. Andika, andika. Kuni tunanunua milimani, pumba za mpunga tunanunua kwenye kinu kile cha ng'ambo."

"Kwa hiyo kinu nacho hakiuzi pumba."

"Kitamwuzia nani? Bata?"

"Na wapakiaji wa malori?"

"Wanacheza karata tangu lile tetemeko," alisema mmoja wao kutoka kwenye mstari. "Mimi ni mmojawapo. Nimeshapoteza kuku wangu wawili kwa Parjo."

Kalamu ya Rotua haikusimama tena. Aliuliza bei, akajibiwa na watu watano. Aliuliza muda wa kukauka, akapelekwa kushika udongo. Aliuliza miti ya banda iligharimu kiasi gani, na ndugu wawili waliolijenga wakaanza kugombana mbele yake juu ya nani alichagua miti mizuri zaidi. Hakuna aliyetaja bahati. Hawakuwa na nafasi.

Ndipo Bu Ngatilah akapiga makofi, na vigae vikaanza kwenda. Kutoka kwa mama wa kiti hadi kwa kijana wa pili, hadi wa tatu, hadi kwa Wagiyo. Na kwa Wagiyo vikasimama.

Kati ya Wagiyo na mimi palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama mahali pangu, yeye mahali pake, kama tulivyosimama miaka yote. Alikuwa ameshika vigae viwili kifuani, amegeuza kiuno tayari kurusha, na hapakuwa na wa kudaka. Niligeuka. Karibu na mlango palikuwa na nafasi nyingine, na mbele kidogo ya tatu. Kila mtu alikuwa amekwenda kwenye nafasi yake, na hakuna aliyekuwa amefikiri.

"Mbona hamsogei mkaziba?" aliuliza Rotua.

Wagiyo alivishusha vigae vyake taratibu.

"Pale ni pa Bu Sukarsih," alisema. Nilingoja amalizie. Hakumalizia.

"Hapa ni pa Sadiman," alisema mwingine. "Alikuwa anapanga kona."

"Na hapa ni pa binti yangu," alisema mama mmoja. "Yanti. Alikuwa ameanza mwaka huu."

Rotua alinitazama. Nilikuwa nimewaambia watu wote wa Karanggenuk namna ya kusema jambo hili, na mwenyewe sikuwa nimelisema.

"Nimempoteza mke wangu, Mbak," nilisema. "Alidaka vigae upande wangu tangu tulipooana." Nilisikia lile neno linapanda kooni, kama kawaida yake. Nikaliacha likae hukohuko.

Baada ya hapo walisema. Hawakupiga kelele, hawakulia. Yule wa nyumba ya kwanza alimwendea Rotua akamwambia chumba cha kufinyangia kimekwisha, na kalibu zote zimo chini ya kifusi, zimepinda au hazikupinda hajui. Mwenye kivuli cha mwembe alisema hana nyumba. Bu Ngatilah aliweka kiganja chake juu ya ukuta wa tanuri, pale ufa ulipokuwa mpana kuliko mkono.

"Limekufa, mwanangu," alisema. "Mume wangu alilijenga, nami nililichochea moto. Nusu iliyosimama nayo lazima ivunjwe, maana ikibaki itamwangukia mtu. Andika limekufa."

Rotua aliandika. Kisha akafuta uso kwa kiganja, akaacha alama nyekundu ya udongo shavuni.

"Pak Mujiran," aliniambia tukiwa tunakwenda kwenye pikipiki, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo, "tanuri nitalihesabu. Banda, vigae, kuni, kinu, malori, kiangazi chote kilichobaki. Lakini wale watatu, hesabu hii haina mahali pa kuwaweka."

"Najua. Hatukukuambia ili uwahesabu. Tumekuambia ili usiandike tena kwamba tuna bahati."

Aliwasha pikipiki, akaondoka bila kumaliza chai ya mtu yeyote.

Makadirio mapya yalipobandikwa, niliyasoma mara moja tu. Fedha hazikuja zote, na hazikuja haraka, lakini hatukuzingoja. Siku ileile ya Alhamisi, jua likiwa bado juu, Parjo alipata alichokuwa akikitaka: aliambiwa alete nyundo yake. Tuliivunja nusu iliyosimama, tukasugua matofali yake mazima, tukachimba msingi mpya wenye nguzo, kama mafundi wa wilaya walivyotufundisha. Fedha zilipofika zilikuta msingi umekauka. Zilinunua matofali ya moto na saruji, na miti ya banda. Kumnunulia Wagiyo ng'ombe hazikutosha. Wagiyo alivuta mkokoteni mwenyewe, na alipofika nusu ya kilima alikuwa anasimama, anafikiria kwanza, halafu anaendelea. Watu walimcheka hadi wakaenda kumsukumia.

Siku ya kupakia mara ya kwanza, mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa upande wa kusini. Bu Ngatilah alitazama juu, akatukana mawingu kwa adabu, akapiga makofi. Tulishika mstari. Kila mtu alikwenda mahali pake, nami nikaenda pangu.

Wagiyo alichukua vigae viwili, akageuza kiuno, akasita.

"Pak Mujiran," alisema, "ukisimama huko sitakufikia. Mikono yangu si mirefu kama maneno yako."

Nilitazama pale chini kati yetu. Udongo ulikuwa umeshindiliwa na nyayo za Sukarsih, umekuwa laini kama sakafu. Nilisogea kushoto, nikasimama juu yake. Nyuma yangu nilisikia mstari mzima ukisogea, mtu baada ya mtu, hadi mlangoni.

Nikanyoosha mikono.

"Rusha," nikamwambia.